Kibubu cha Betri

Mimi ni fundi wa sola, na haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa shehia yetu, wilaya ya Micheweni, Pemba, asubuhi moja ya Jumapili chini ya mwembe. Baadhi ya waliokosa kuja waliniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka, nimepunguza tu pale nilipokuwa nagombana na watoto waliokuwa wakichezea nyaya zangu.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sheha wetu, wazee wangu, mama zangu mliokuja na matope ya pwani bado miguuni, na nyinyi vijana mliokalia bodaboda zenu kule nyuma kama mnataka kukimbia: sikuja kukuuzieni sola. Nasema mapema kwa sababu nimeshamuona mzee mmoja pale anashika mfuko wa shati. Uachie tu mfuko, baba. Leo sina cha kuuza.

Nimekuja na habari ya betri.

Mwaka jana niliitwa kijiji kimoja. Jina silitaji, maana wenyewe wapo hapa wananiangalia. Niliambiwa sola ya chuo chao imekufa, watoto wanasoma Kurani kwa tochi ya simu ya mwalimu. Nikaenda. Kufika, namkuta bibi mmoja nyuma ya chuo anageuza dagaa. Anageuza taratibu, kwa ncha za vidole, dagaa mmoja mmoja. Nikasogea kumwamkia. Nikatazama alipoanika: ni paneli. Wameishusha paani, wameilaza juu ya matofali manne, na bibi wa watu anaanikia dagaa. Nikamuuliza, bibi, mbona humu? Akanambia, "Mwanangu, kioo kinashika joto, mchanga hauingii, na paka akipanda anateleza."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikatoa mita yangu ya kupimia umeme. Nikamwomba asogeze dagaa upande mmoja, nikafuta magamba, nikapima. Volti 20 na ushee. Paneli nzima! Haina hata ufa. Ilikuwa inatoa umeme kutwa, hakuna anayeupokea.

Kilichokufa kilikuwa ndani, kwenye kisanduku. Betri imevimba ubavu, vichwa vyake vimeota unga mweupe kama chumvi ya Wawi. Nikapima, volti nne. Betri ya volti 12 ikikaa kwenye nne kwa miezi, hiyo ni maiti. Ilikuwa imefanya kazi miaka mitatu, yaani imekufa kwa umri wake. Haikurogwa na mtu.

Basi nikauliza: betri hii ya nani? Mwalimu akasema ya kamati. Wa kamati akasema ya mfadhili. Mfadhili, kwa karatasi walizonionesha, alishaikabidhi kwa kijiji. Na kijiji ni nani? Siku ya makabidhiano alikuwa watu mia mbili na biriani. Siku betri ilipokufa alikuwa hayupo.

Hilo ndilo lililonileta hapa. Paneli nzuri hukaa miaka 20, hata 25. Taa hizi za LED nazo hukaa sana. Lakini betri ya maji, hii ya risasi na tindikali, ukiitunza itakupa miaka mitatu, minne, ukijaaliwa mitano. Ukiitesa, mwaka na nusu. Zipo za lithiamu, zinaishi zaidi na bei yake iko juu zaidi, nazo zina siku yake. Kwa hiyo anayekwambia "nunua sola, umeme wa bure maisha" hakukwambia uongo wote. Jua ni la bure. Ila pamoja na ile paneli umenunua betri nne au tano ambazo bado hujaziona, na hakuna aliyekutajia.

Sasa dawa yake wazee wetu walikuwa nayo. Kibubu. Nani hapa hakuwekewa kibubu utotoni? Kisanduku cha mbao, kimepigiliwa misumari pande zote, kina mwanya mmoja juu. Hakina ufunguo. Ukitaka kutoa lazima ukivunje, na kukivunja kuna kelele, nyumba nzima itajua.

Tufanye hesabu, na hizi bei ni za mfano tu, asije mtu kesho akanambia nimemtajia bei. Tuseme betri ni shilingi 300,000 na tunataka ikae miaka minne. Hiyo ni shilingi 75,000 kwa mwaka. Na upande wa pili: nyumba isiyo na umeme inapeleka simu kuchaji dukani. Tuseme shilingi 300 kwa simu, simu mbili, mara tatu kwa wiki. Ni shilingi 1,800 kwa wiki. Kwa mwaka, 93,600. Hapo sijagusa betri ndogo za tochi, sijagusa mafuta ya koroboi kwa wale ambao bado wanayo. Fedha ya betri tayari inatoka mifukoni mwetu. Inatoka kidogo kidogo, ndiyo maana hatuisikii ikiondoka.

Lakini itaingia lini kwenye kibubu? Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea, na nasema kwa sababu nimeliona kwangu mwenyewe. Kabla sijawa fundi nilichukua sola ya kulipia kwa simu kutoka kwa kampuni moja. Sola yenyewe nzuri, sina neno nayo. Masharti: kila siku 30 ulipe, usipolipa taa inazimwa kutoka huko huko waliko. Mimi nalima mwani. Mwani na tarehe 30 ya mwezi vinajuana wapi? Mwani unavunwa kwa bamvu, maji yakitoka mbali. Maji mafu yakiingia, unakaa nyumbani unasuka ukili. Mwaka ule maji yalikuwa ya moto, kotonii, ule mwani wa bei nzuri, yote ikaoza kwenye kamba, ikawa nyeupe kama nywele za kizee, tukabaki na mwani wa spinosamu ambao bei yake ni ya kukutia machozi. Usiku mmoja nakaanga samaki, taa ikafanya tap. Giza. Mume wangu akadhani waya umekatika, akapanda juu gizani, akashuka na goti limechubuka. Waya mzima. Tulizimiwa na mtu ambaye hata hajui Micheweni iko wapi.

Sikumlaumu mtu sana. Wana hesabu zao. Ila nilijifunza kwamba kibubu kisifuate kalenda ya ukutani. Mwenye mwani atie kila bamvu. Bamvu kwa mwaka ni kama 25, tia shilingi 3,000 kila bamvu, umepata zile 75,000. Mvuvi wa dagaa atie kila giza likimalizika, maana kwenye mbalamwezi hana kitu. Mwenye mikarafuu yeye atie mara moja tu, siku anayotoka kituoni kuuza karafuu, kabla hajapita dukani. Najua mnanielewa nikisema kabla hajapita dukani.

Na cha chuo au cha msikiti, kiwe kwa watu watatu wa nyumba tatu tofauti, wasiwe ndugu. Si kwa ubaya. Ndugu wanaoneana haya.

Nimeona mama mmoja amenyanyua mkono. (Aliuliza: kwa nini ya jirani yangu ina miaka mitano na yangu haikumaliza miwili, tumenunua siku moja duka moja?) Ahsante dada. Swali zuri na jibu lake refu kidogo.

Kwanza, unaila betri kiasi gani. Paneli ya wati 50 haikupi wati 50 kutwa nzima. Jua la kwetu ukilikusanya ni kama saa nne mpaka tano za jua kali kwa siku, na wakati wa masika ni pungufu ya hapo. Chukua nne. Hamsini mara nne, wati-saa 200. Hayo ndiyo mapato yako ya siku. Matumizi sasa: taa tatu za wati tano, saa tano kila usiku, 75. Simu mbili, weka 20. Redio ya wati tano inayoongea saa sita, 30. Jumla 125. Inabaki 75, lakini usiifurahie, waya unakula, kontrola, kile kidude kinachokaa kati ya paneli, betri na taa, nayo inakula, betri yenyewe ina ushuru wake. Kwa hiyo tunaishi, ila harusi hatufanyi. Mtu akileta pasi ya umeme ya wati 1,000, kwa dakika 12 tu imemaliza chakula cha siku nzima. Kanzu moja!

Kuna bwana alinipigia simu saa mbili usiku, akasema, "Betri yangu imetiwa mkono wa mtu." Nikaenda. Kontrola ina kazi ya kukata umeme betri ikishuka sana, ili isife. Ilikuwa inakata kama inavyotakiwa, saa nne za usiku, katikati ya mpira. Mwanawe akaona kontrola ina roho mbaya. Akatoa waya kwenye betri moja kwa moja mpaka kwenye televisheni, akaipita kontrola pembeni. Mpira wakauona. Wakauona wiki sita. Betri ya maji haitaki kushushwa zaidi ya nusu, ukiimaliza mpaka chini kila usiku unaichimbia kaburi. Mkono wa mtu ulikuwapo kweli, ni wa kijana wake.

Pili, maji. Maji ya betri ni yale ya chupa yanayouzwa dukani kwa ajili ya betri. Si ya kisima, si ya mvua hata kama ni masafi vipi machoni.

Tatu, paneli imekaaje. Hili nalipenda kulisema kwa sababu Mungu ametupa kipimo chepesi. Pemba iko kama digrii tano kusini ya ikweta, kwa hiyo paneli yetu iinamie kaskazini kidogo, digrii kumi hivi mpaka 15, jua liipate na mvua iioshe. Sasa kaskazini iko wapi? Vijana watatoa simu watafute dira. Haina haja. Maka iko kaskazini yetu sawasawa kabisa, tofauti yake haifiki hata digrii moja. Ukitaka kufunga paneli, tazama mihrabu ya msikiti wenu. Paneli nayo ielekee kibla. Mlinzi mmoja wa skuli nilipomwambia hivyo alinyamaza kidogo, akasema, "Basi ile yetu haisali." Ilikuwa imeelekea bandarini.

Na kivuli. Mtu ana paneli nzuri, anaona mnazi uko mbali, hauna neno. Saa nane mchana kivuli cha kuti moja kinapita juu ya kioo, chembamba, kama mistari ya ukili. Utadhani umepoteza sehemu ndogo. Zile seli zimeunganishwa kama watu walioshikana mikono kupitisha ndoo ya maji, mmoja akisinzia ndoo zote zinasimama. Kuti moja linaweza kukuondolea nusu ya umeme au zaidi. Kwa nyumba za makuti mimi siiweki paani kabisa. Naisimamishia mlingoti wa mkandaa uwanjani, na pale naweza kuifuta. Mafuta ya moshi wa jikoni, vumbi, mavi ya kunguru: kitambaa cha maji, asubuhi, kioo kikiwa bado baridi.

Nne ni bahari. Kwenye hili sina ujanja mkubwa. Upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka chumbani. Mwezi uliopita nimefungua kisanduku Makangale, ndani mna mjusi kafiri ametaga mayai mawili, na kiungo cha waya kimefungwa kwa mfuko wa nailoni, ile ile iliyokatazwa Zanzibar nzima, sijui wameipata wapi. Nikaifungua. Shaba imegeuka kijani, ukiigusa inapukutika kama majani ya chai. Umeme utapitaje hapo? Kiungo kikazwe kwa skrubu, kipakwe grisi, kifungwe tepu ya umeme, na kisanduku kizibwe matundu. Mayai ya mjusi nilimrudishia mwenyewe, nyuma ya kabati.

Wengine mnasema chinichini, nasikia, kwamba ZECO, shirika letu la umeme la Zanzibar, wakifika yote haya ya nini. Nguzo zikifika nyumbani kwako, ingiza umeme, mimi mwenyewe nitakupongeza. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika Pemba 2010, na anayekumbuka majenereta ya Wesha anajua tulipotoka. Lakini nyumba iliyo mbali na nguzo itasubiri, na nyumba yenye nguzo nayo ina usiku wake. Wenzetu wa Unguja walikuwa na waya wao tangu zamani, na mwaka 2008 walikaa gizani karibu mwezi mzima, Mei mpaka Juni. Kisha kuanzia Disemba 2009 wakakaa tena, miezi mitatu. Mjini! Penye Beit al-Ajaib, jumba ambalo wanajisifu lilikuwa na taa za umeme kabla ya majumba mengine ya Afrika Mashariki. Watu wakateka maji kwa ndoo kwa sababu pampu hazizunguki. Nyumba yenye kijipaneli na taa mbili usiku ule ilikuwa nyumba ya sultani.

Sasa la fundi, nalo nitalisema kwa sababu linanihusu.

Nilikwenda kusomea ufundi wa sola kwenye chuo cha Kibokwa, Kaskazini Unguja, nikiwa na miaka 43 na mjukuu mmoja. Kile chuo kina asili yake India, kijiji kiitwacho Tilonia huko Rajasthan, alikoanzisha bwana mmoja, Bunker Roy, mwaka 1972. Wanawake wa kwanza wa Zanzibar walipelekwa huko huko India miezi sita, hawajui Kihindi wala Kiingereza, wakafundishwa kwa rangi na ishara za mikono, wakarudi mafundi. Kisha ndipo Zanzibar ikawa na chuo chake, tukasomeshwa kwa Kiswahili chetu. Wanachagua wanawake wa vijijini, tena watu wazima, wengi hawakumaliza skuli. Sababu yao haina siri: kijana wa kiume ukimpa cheti, wiki ya pili yuko Darajani, mjini Unguja, anatafuta kazi. Bibi mwenye wajukuu na kamba za mwani atakwenda wapi? Nyie vijana wa bodaboda msinune, mnajijua.

Nilipanda meli Mkoani nikiwa sijawahi kushika bisibisi. Wiki ya kwanza nilichoma kidole kwa risasi ya moto ya kulehemu nyaya, nikataka kurudi. Mume wangu kwenye simu akanambia, "Nauli ya kurudi sina." Hakuwa na nia ya kunipa moyo, nauli kweli hakuwa nayo. Nikabaki.

Nilivyorudi, kazi ya kwanza ilikuwa paa la mzee mmoja, Mungu amrehemu. Watu wakajaa uwanjani. Mwanamke juu ya paa la watu! Nimevaa suruwali ndani ya gauni, shungi nimelifunga nyuma, na bado kuna aliyesema nitavunja baraka ya nyumba. Mzee mwenyewe akatoa kiti chake cha uvivu, akakaa chini ya ngazi, akaishika kwa mikono miwili mpaka nilipomaliza. Jioni nikawasha. Akatazama taa, akatazama ukuta, akasema, "Kumbe ukuta huu una ufa." Alikaa nyumba ile miaka 30.

Mimi peke yangu siwezi shehia hii yote, na goti langu la kushoto limeanza kunisema nikipanda ngazi. Nataka wawili. Mmoja wa upande wa pwani na mmoja wa upande wa bara, nitawafundisha mwenyewe kupima, kukaza, kutia maji na kusoma kontrola. Kuhusu ujira wao, kila nyumba yenye sola itoe kitu kwenye kamati, kwa bamvu hizo hizo, kama wanavyofanya vijiji vingine vyenye mafundi kama sisi. Fundi wa bure mnamjua. Ukimwita anasema yuko njiani.

Na betri zilizokufa msizitupe kichakani wala karibu na kisima. Ndani mna risasi, sumu ile kwa watoto, na tindikali yake inaunguza. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanazichukua kwa uzito. Iuzeni nzima, na hiyo fedha iwe ya kwanza kuingia kwenye kibubu kipya. Ile ya chuo, yenye volti nne, ndivyo tulivyoifanya. Bibi alidai alipwe fidia ya kianikio chake, kamati ikamnunulia jamvi.

Hiki hapa mezani ndicho kibubu cha chuo kile, wamenipa nikuonesheni. Msikitikise, mtawatia watu tamaa. Na hii ni kontrola, ina taa tatu, kijani, manjano na nyekundu. Mama mwenye kanga ya buluu, wewe uliyeuliza, njoo mbele. Shika mita. Waya mwekundu hapa, mweusi pale, usiogope, haikung'ati. Vijana, acheni bodaboda mje mnisogezee meza hii, kivuli cha mwembe kimeshaifikia paneli.